Kisima cha Bibi kwenye Picha ya Jangwa

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na leo nisingeisema kama si nyie kunichokoza. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mwanafunzi mimi, nimepanga chumba Vällingby, huko Sweden, kwa mjane mmoja, Tant Signe (tant ni kama sisi tunavyosema shangazi), na chumba chenyewe nilikipata baada ya kufungiwa milango mtaa kwa mtaa, kwa hiyo pale nilikaa kwa adabu za mkwe.

Sebuleni palikuwa na picha kubwa ya jangwa: mchanga, ngamia wawili, kisima. Babu yake aliinunua kwa mchoraji aliyesemekana kuzunguka Uarabuni na Afrika yote. Siku ya kwanza tu Tant Signe akaniuliza kama ndivyo kwetu kulivyo. Mimi mtu wa Bukoba, mvua na migomba, ngamia sijamwona hata mkia! Lakini nilivyolelewa, mtu mzima aliyekukaribisha kwake humkatalii, nikasema ndiyo, tena (sijui shetani gani alinituma) nikaongeza kwamba bibi yangu huteka maji kwenye kisima kama kile.

Basi kila mgeni akija naitwa nieleze, nami kila mara natia chumvi, mara bibi ana ngamia wake, mara dhoruba ya mchanga ilimpoteza siku mbili, hadi Jumapili moja Tant Signe akaalika wenzake wa kanisani pamoja na mzee mmoja kutoka Jordbro. Nilivaa kanzu ya kuazima. Nikaeleza mpaka kahawa yangu ikapoa.

Yule mzee alisubiri nimalize, akasema kwa upole, "Mchoraji alikuwa baba yangu. Hakuwahi kutoka Sweden. Ngamia aliwaiga kwenye kadi ya posta, na hicho kisima ni chetu, kiko nyuma ya zizi la ng'ombe."

Jamani! Watu wote wakainamia vikombe vyao, na mimi akilini nafunga sanduku.

Walipoondoka, Tant Signe akaosha vyombo, mimi nafuta, machozi yananilenga. Mwishowe akauliza, "Na huyo bibi yako, yupo kweli?"

"Yupo," nikasema. "Ila anateka maji mtoni."

Akanipa sahani nyingine nifute. Sikufukuzwa, na niliapa sitamdanganya mtu tena kwa heshima, lakini kiapo kilichelewa: mpaka nahama pale, hata nikimwambia nje kuna theluji, Tant Signe alichungulia dirishani kwanza.