Siku Nilipomnyamazisha Wanjiru

Mwanangu, katika siku za ujana wangu iko moja ambayo nikiikumbuka bado naona haya. Nilikuwa nimepanga chumba mtaani Kiuu, ukuta mmoja na rafiki yangu Wanjiru, ambaye alikuwa amejifungua kifungua mimba wake. Mtoto alipofikisha majuma matatu tulienda kumwona, wanawake saba wa kanisa, na unga wa uji na sukari. Mtoto alizunguka mikononi mwetu. Mama yake ndiye aliyetuchemshia chai.

Nilimfuata nje kumsaidia kusuuza vikombe. Akaniambia polepole, bila kuniangalia, "Nikimshika huyu mtoto naona kama ni wa mtu mwingine. Saa zingine nataka tu kuenda, nisirudi."

Mimi sikuwa nimezaa bado, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nikamkatiza. "Usiseme hivyo. Kuna wanaolilia mtoto na hawapati. Mshukuru Mungu."

Akafuta mikono, akarudi ndani, akatutabasamia mpaka tukaondoka.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Ngoliba kunitembelea. Nilimsimulia nikidhani atanisifu. Aliweka kisu cha viazi chini.

"Amekufungulia moyo, wewe ukamfunga mdomo," akasema. "Ulipozaliwa wewe nililia miezi, na hakuna aliyeniuliza. Twende."

Hatukuenda kumhubiria. Mama alimpikia njahi, zile maharagwe nyeusi za waliojifungua, akafua nepi, kisha akaketi kando yake. "Mtoto nimemwona. Wewe unaendeleaje?" Wanjiru alilia mpaka leso ikalowa. Mama hakumnyamazisha.

Kesho yake nilimsindikiza kliniki, Ruiru. Nesi alimwambia ni ugonjwa, unawapata wengi, na una tiba. Mumewe, mfanyakazi wa kiwanda huko Thika, alipoelezwa akaanza kumbeba mtoto kila akitoka kazini ili mkewe alale. Haikuisha kwa wiki moja, nisikudanganye. Ilichukua miezi, lakini Wanjiru alipona, na mwanawe akamjua.

Basi mwanangu, mwanamke akiwa mjamzito au amejifungua, muulize hali yake kabla ya kuuliza ya mtoto. Akikujibu, usimpime imani. Mpunguzie kazi, msikilize, mpeleke kwa daktari. Na akisema anataka kuondoka asirudi, usimwache peke yake hata kidogo.

Mungu akupe sikio lisilo na haraka, na nyumbani mwako asiwepo mama anayelia kwa kujificha.