Siku Niliyomuua Baba kwa Ajili ya Profesa

Nilimuua baba yangu kwa maneno, mbele ya mashahidi, nikiwa nimevaa kaptula ya kazi iliyopigwa pasi. Serikali ya Mwingereza ndiyo iliyonituma, lakini aibu iliniachia mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa karani mkalimani pale bomani Njombe. Akaja profesa wa saikolojia kutoka Uingereza, mrefu, mpole, soksi hazifanani, anataka kujua kama wafu husema kweli kupitia vinywa vya waganga. Kwao, alinieleza, wenzake wa chuo kikuu walimcheka mpaka akaacha kula nao. Huku hakuchekwa, alilaaniwa. Mchungaji wetu wa Kilutheri na padri wa misheni, ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya siku ya kufyeka barabara, walimwandikia mkuu wa wilaya, tuliyemwita Bwana Shauri, barua mbili zenye ombi moja: mzungu huyu aondoke. Bwana Shauri akampa profesa wiki mbili, na akampa mimi.

Bibi mganga tuliyemwendea alikaa nje kidogo ya mji. Alijifunika blanketi, mizimu ikampanda, na marehemu akasema kwa kinywa chake. Siku tatu mfululizo watu walitoka pale wanalia. Profesa aliandika sana lakini hakuridhika. Alihofia kwamba bibi anawajua tu watu wa Njombe pamoja na marehemu wao, na kwa kweli hata mimi nilikuwa nawajua. Basi akatunga jaribio: mtu aombe kuitiwa marehemu ambaye hajafa. Bibi akimleta, uongo wake umejulikana.

"Baba yako yu hai?" akaniuliza.

"Yuko Makambako. Ni seremala."

"Vizuri sana!" akasema, na macho yakamng'aa.

Hapa niseme wazi. Mimi na baba tulikuwa hatujasemezana miaka minne. Yeye ni Mkatoliki wa magoti yenye sugu, mimi nilioa binti wa Kilutheri nikahamia kanisani kwa mke wangu. Hakuja harusini, hakumwona mjukuu, hakukanyaga kwangu. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hamu naye, na hiyo hamu ndiyo iliyonizidishia hasira. Nadhani ndiyo maana sikukataa.

Asubuhi nikaketi mbele ya bibi, watu wamejaa.

"Kamwene," nikamwamkia.

"Kamwene, mwanangu. Nani amekutoka?"

"Baba."

Watu wakaguna kwa huruma. Bibi akajifunika, akatetemeka, akakohoa kikohozi cha mvuta tumbaku. Baba havuti, nikaanza kucheka moyoni. Kisha sauti ikasema: "Mwanangu, kinyongo sina. Sikuja kwako kwa sababu hukuniita mara ya pili."

Kicheko kikanikauka. Ni kweli nilimwita mara moja tu, alipokataa nikajifanya mwanamume.

"Amesema nini?" profesa akanong'ona.

"Anasema hajambo."

Profesa akaandika kwamba bibi ameshindwa. Aliandika taratibu, uso umemshuka, maana maskini wa Mungu alitamani ashinde.

Kosa letu sote wawili lilikuwa moja: hatukuwafikiria wale waliokuwa wakisikiliza. Labda Uingereza mtu akitangaza kufiwa wasikilizaji hurudi kwao kunywa chai. Sisi Wabena hatuna tabia hiyo. Kulipopambazuka nilimkuta shangazi, dada yake baba, anagaagaa uani kwangu, na nyuma yake wanawake kumi wenye kuni, unga na maharage.

"Kaka yangu umemzika wapi?"

"Shangazi, hajafa. Nilisema uongo kwa ajili ya mzungu."

"Jamani," akawaambia wenzake, "mtoto amechanganyikiwa. Mshikeni."

Wakanishika. Mke wangu, mwanamke mwenye akili, alikwisha bandika sufuria kubwa, maana watu kumi na mmoja hawalishwi maelezo.

Mchana lori la Makambako likasimama barabarani. Akashuka baba, amevaa koti la kanisani, amenuna. Dereva alikuwa amempasha habari kwamba amekufa na msiba uko kwa mwanawe. Wanawake wakatawanyika, mmoja akakatiza shamba la jirani na mwiko mkononi. Shangazi peke yake ndiye aliyebaki. Alimpiga baba kofi la bega kuhakikisha, kisha akamtukana kwa Kibena kwa kumpotezea machozi.

Profesa akaja mbio na daftari. Akataka nimuulize baba kama jana saa nne alihisi jambo lolote lisilo la kawaida.

"Mwambie nilikuwa naranda mbao," akasema baba. "Na mwambie akitaka baba wa kuua, amtumie wa kwake."

Nikatafsiri nusu ya kwanza.

Ndipo baba akanigeukia. "Nilisema nini?"

"Lini, baba?"

"Nilipokuwa maiti. Nilisema nini?"

Nikamweleza neno kwa neno. Katika miaka yangu yote ya ukalimani sijatafsiri kwa uaminifu kama siku ile. Baba akapangusa vumbi la safari kwenye koti.

"Yule bibi ni mwongo," akasema. "Kinyongo ninacho." Akakohoa. "Lakini hilo la pili ni kweli."

"Amesema nini? Amesema nini?" Profesa ananivuta shati.

Nilikuwa naogopa kuliko siku ya harusi yangu.

"Baba," nikasema, "karibu ndani."

Akafuta viatu, akainama mlangoni, akaingia. Nikabaki uani nalia mbele ya profesa na shangazi.

"Lia tu, mwanangu," akasema shangazi. "Watu si tumeshakuja msibani?"