Pikapu ya Plastiki na Akiba ya Macho

Mume wangu aliendesha pikapu ya abiria, Kibiti kwenda Utete, mpaka ilipomfia njiani pale Nyamwage. Gari likaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yeye akabaki na ugonjwa wa vigari vya plastiki. Si vya kuchezea watoto, hata! Vinatoka Japani vipande vipande ndani ya boksi. Unavikata, unavigandisha kwa gundi, unavipaka rangi. Mpwa wake wa Dar ndiye aliyemletea. Mtu mzima na mvi zake, kajiinamia barazani na kibano! Nilimcheka sana, lakini nilipenda kumwona ametulia.

Siku moja akanionyesha simu. Kampuni moja ya huko Japani imetangaza kwamba mwakani inatoa pikapu. Aina ile ile yake, ndogo ya kukaa kiganjani.

"Hii nitaiunda kwa mikono yangu," akasema, "halafu basi."

Sukari ilikwishaanza kumla macho. Akajitungia sheria kwamba macho ni kama mafuta ya taa, ukiyatumia ovyo yanakwisha. Basi akaacha kugusa vigari vingine vyote, ayaweke akiba kwa ajili ya pikapu. Maboksi mapya yakalala juu ya kabati.

"Baba watoto, unda hivi ulivyo navyo, ya mbele anayajua Mungu," nikamwambia. Daktari naye alimweleza kuwa macho hayawekwi akiba. Wapi! Mbishi yule.

Wajapani wakaahirisha. Wakaahirisha tena. Kila baada ya chai alisoma matangazo yao; baadaye ikawa namsomea mimi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, jamani. Najuta sikufungua boksi moja kwa nguvu nikamtia gundi mkononi, akasirike atakavyo.

Juzi mpwa wake kapiga simu. Pikapu inatoka, wameanza kupokea oda, je, aagize? Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa barazani, ameelekeza uso barabarani, anasikiliza bodaboda asizoziona.

"Mwambie asihangaike," akasema. "Wewe niambie tu, taa za mbele wamezitia za duara?"

Nikaitazama picha aliyoituma mpwa wake kwenye simu. "Za duara."

"Na bomba la kushikilia abiria, nyuma ya kichwa cha gari?"

"Lipo."

"Wamepatia," akasema, akavuta ncha ya kanga yangu akajifuta uso.