Nilimwekea mtoto wa mke wangu katuni ya roboti, sasa ana swali na sina jibu

Wakuu salaam. Mlioko ofisini, mlioko shambani na mliojifungia chooni na simu, wote nawasalimu.

Hii si chai ya kutunga. Ni jambo la nyumbani kwangu hapa Newala na bado linanikosesha amani, kwa hiyo nitalieleza lilivyo. Ndani yake kuna uchambuzi wa movie, ila msitegemee makubwa. Mimi si mtu wa movie, ni bwana shamba.

Kwetu ni Kanda ya Ziwa. Ajira ndiyo iliyonileta huku. Nikakutana na mama mmoja mwenye duka la vitenge sokoni, mjane, tukaoana. Ana binti yuko darasa la tatu, anaitwa Somoe. Baba yake alifariki kwa ajali Somoe akiwa bado ananyonya.

Kwa wasiojua, huku mtu mzima anaitwa kwa jina la mtoto wake. Mke wangu ni Mama Somoe, mji mzima unamjua hivyo. Baba Somoe ni marehemu, na jina lake haligawiwi ovyo. Mimi ni Bwana Shamba. Kwa jirani Bwana Shamba, buchani Bwana Shamba, na Somoe mwenyewe kila asubuhi: "Shikamoo Bwana Shamba." Naitikia marahaba, nawasha pikipiki, naondoka.

Sikuwa na ugomvi naye. Alikuwa na adabu mno, na hiyo adabu ndiyo iliyokuwa inanitisha. Mtoto aliyekuzoea anakusumbua, anadai pipi, ananuna. Huyu alikuwa ananiwekea maji ya kunawa na kurudi pembeni, kama vile kesho naaga.

Halafu ofisini kukaanza fununu za uhamisho. Watumishi mnaelewa. Kila mtu kasikia kitu kwa mtu, hakuna aliyeona karatasi. Nikawa namweleza mke wangu wakati wa kula, kwa sauti ya chini, nikiamini tunajadili wawili.

Basi, nikaenda semina Masasi. Jirani na stendi kuna jamaa anauza movie, unampa flash anakujazia. Nikamwambia nataka ya mtoto wa kike, iwe ya kufurahisha, nina shida na mtoto hanizoei. Akacheka, akaniambia, "Chukua hii mzee, katuni, imetafsiriwa, haina neno."

Haina neno! Huyo jamaa nikimuona tena tutaongea vizuri tu.

Sasa niwaeleze movie yenyewe. Jina silijui, DJ aliyeitafsiri amelifunika kwa matangazo yake. Ni spin-off, yaani imechomolewa kwenye series kubwa ya vita vya anga za juu. Kwenye hiyo series kuna roboti fundi, mbovu mbovu, anaishi peke yake kwenye meli chakavu, haongei na mtu. Hii spin-off inaonyesha zamani zake. DJ anamwita Fundi.

Tukakaa mkekani Jumamosi jioni, mimi, Somoe na mama yake.

Dakika chache tu, baba wa mtoto kwenye movie akapotea angani na chombo chake. Nikamwangalia mke wangu, naye ananiangalia mimi kwa jicho la "hukuiangalia kwanza?" Nikanyoosha mkono kuchukua rimoti. Somoe akasema, bila kugeuka, "Iache, Bwana Shamba, iende."

Ikaenda. Huyo Fundi akabaki na mtoto, akamlea kwenye sayari isiyo na kitu.

Na hapa lazima niwe mkweli, movie ni nzuri. Kuna scene Fundi anayeyusha barafu kupata maji, anampimia mtoto kwa mfuniko: huu wa kunywa, huu wa uso, huu wa miguu, na yale ya miguu yasimwagwe. Somoe alicheka mpaka akalala ubavu. Mama yake naye akacheka. Mtu wa mjini mwenye maji ya bomba muda wote asingeona kichekesho pale. Sisi tunaopanga madumu kioski tangu alfajiri tulijiona wenyewe kwenye skrini.

Udhaifu upo pia. Adui haeleweki anataka nini, anacheka tu na kulipua vitu. Mapigano marefu yanachosha. Wanataja watu wa kwenye series kana kwamba sote tumeiona, DJ mwenyewe alipotea, akawa anasema "huyu ni yule bwana wa kule".

Ila ubovu mkubwa ni ending. Baba halisi anarudi, hajazeeka hata siku moja. Mtoto anamkimbilia, wanakumbatiana, muziki unapanda. Fundi anatazama, anaokota kisanduku chake cha spana, anapakiwa kwenye meli chakavu, anaondoka. Hakuna anayemuita. Mwisho.

Nikazima TV haraka. Somoe akasimama, akakunja mkeka, akaenda kulala.

Kuanzia hapo nyumba ikabadilika. Chakula anadonoa. Shikamoo inatoka kwa shida. Nikimkuta uani anaingia ndani. Mke wangu akaniambia, "Amemkumbuka baba yake, mpe muda." Wakuu, maneno yale yalinimaliza. Nilijiona mtu niliyeenda Masasi kwa gharama zangu kununua msiba na kuuleta nyumbani.

Na mimi ni nani wa kumtuliza? Huku mtoto ni wa upande wa mama, mwenye sauti ni mjomba. Mimi sina damu, sina jina. Nikawa naogopa hata kurudi mapema.

Nikafanya kituko. Muda wa chakula, ofisini, nikachomeka flash kwenye kompyuta, sauti chini, nikairudia movie nzima nikitafuta ni wapi palipomuumiza. Ile ya baba kurudi nimeirudia hadi mwenzangu akaniuliza kama niko salama.

Nilichogundua ni kwamba ule mwisho haukutoka kwenye hadithi. Fundi hakuwa na sababu ya kuondoka. Waliotengeneza movie walimuondoa kwa sababu kwenye series kubwa ni lazima awe peke yake, basi ikabidi wampeleke huko. Nikajisemea haya ni mambo ya wasanii, mtoto wa darasa la tatu hayamuhusu.

Jumapili iliyofuata mke wangu akaniomba nimpeleke Somoe kwa bibi yake, Chiwata. Tukaondoka na pikipiki, yeye nyuma kashika koti langu kwa vidole viwili.

Tulikuwa tunashuka taratibu kwenye mikorosho nikasikia anaongea mgongoni. Upepo ukachukua maneno. Nikasimama, nikazima injini, ila sikugeuka. Nilihisi nikigeuka ananyamaza.

"Nasema yule Fundi ni mjinga," akasema.

"Kwa nini mama?"

"Walivyompakia kwenye meli hakubisha. Mtoto kamlea yeye, halafu anaondoka tu kimya kimya. Si angesema nabaki?"

Nikamuuliza kuhusu yule baba aliyerudi, kama yeye Somoe hakufurahi kumuona.

"Yule ni uongo. Aliyekufa harudi, bibi kashaniambia."

Wakuu, wiki nzima nilikuwa namuogopa marehemu wa watu kumbe mtoto alishamalizana na hilo zamani. Kisha akauliza, polepole:

"Wakikuita wewe, uhamisho, utabisha?"

Kumbe alikuwa anatusikia muda wote.

Mtumishi unamjibuje mtoto hapo? Habishi mtu. Ukipangiwa unakwenda. Nilitaka kusema tutahama wote, nikakumbuka mjomba, bibi, duka, nikaona naweza kuwa muongo. Nikamwambia kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho: "Nitawaambia nina mtoto huku."

Ndege tu walisikika kwenye mikorosho.

"Waambie sasa," akasema. "Kabla hawajakuita."

Nikawasha pikipiki maana macho yalikuwa yanataka kunisaliti. Alishika koti kwa mikono yote miwili hadi Chiwata.

Somo nililopata: tunakaa tunahangaika na kile tunachodhani mtoto anaogopa, kumbe angetuambia kama tungempa mgongo na utulivu kidogo. Na kuhusu movie, msiidharau kwa sababu ya ending. Ubovu wa ending ndio uliomfungua mdomo. Ingekuwa nzuri mpaka mwisho angelala na furaha yake, na mimi nisingejua kitu hadi leo.

Sasa nawaomba wenye uzoefu wa utumishi. Kuna namna ya kuwaandikia wakubwa kabla hawajapanga, kwamba nina familia hapa? Au nikiandika ndio nitakuwa nimejitaja mwenyewe wanione? Afisa utumishi wetu nimempita koridoni mara kadhaa nikashindwa kufungua mdomo.

Mwenye kujua aseme, mwenye kunicheka acheke, ila naomba msichelewe. Kila jioni nikizima pikipiki mtoto anatoka hadi getini, hata shikamoo anaisahau siku hizi, anauliza tu, "Umeshawaambia?"