Mvua Waliyoiita Umande

Sisi tuliozaliwa Bihambwe wakati barabara ilikuwa ingali inachimbwa kwa jembe na beleshi, hatukuwa na haja ya redio kutuambia kiangazi kitakuwaje. Tulikuwa na macho, tulikuwa na pua, na tulikuwa na wazee ambao hawakuweza kunyamaza juu ya jambo hilo tangu maharagi yalipoanza kugeuka manjano shambani. Wenzangu, munakumbuka. Jioni moshi wa muti mubichi unachoma macho, viazi viko ndani ya majivu, na watu wazima wanabishana juu ya mawingu kama vile mawingu ni jamaa yao.

Tate yetu, mama ya baba, aliangalia moto wa volkano kule upande wa Goma. Ukionekana mwekundu sana na karibu, alisema jua litakaa. Mama yangu yeye alifuata siafu, kama wanahama bondeni ao wanabaki. Baba hakufuata kitu, alicheka tu. Mwaka mumoja alisema kiangazi kinakuja kama mukwe mwenye njaa, mapema, na hakitaondoka mpaka chungu kiishe. Tate alimutupia ganda la kiazi. Kila mwaka mumoja wao alipatia, na huyo alitusumbua na ushindi wake mpaka Krismasi.

Sisi watoto tulibeba maneno hayo asubuhi mpaka kwenye kijito, tukayabishania tena huku tunateka maji. Aliyeshindwa alibeba kibuyu cha mwenzake. Kisha tulipanda mulima na maganda ya mugomba, tukayakalia, tukateremka juu ya nyasi kavu mpaka matako yanawaka moto. Nguo ikipasuka, unapigwa. Nilipigwa sana. Wajukuu wangu leo wakiona wingu wanakimbia kuficha redio ndani ya koti, kichwa chao wenyewe wanakiacha kinalowa. Ukiwauliza mvua itatoka upande gani, wanakuangalia kama umewauliza jina la mama ya Adamu.

Lakini tuseme kweli. Hatukuwa tunauliza kwa kucheza. Kiangazi kilipoingia, kapita, yaani musimamizi wa kazi, alipita nyumba kwa nyumba kuchagua wanaume wa kwenda kuchimba barabara, ile inayoshuka porini upande wa Walikale. Udongo wa huko ukilowa hauchimbiki, unashika jembe na unakataa kuliachia. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja, na kila mutoto aliijua kuliko alivyojua Baba Yetu: mvua ya kwanza ya nguvu ikinyesha, wanaume wanarudi. Kiangazi kirefu, baba anakaa mbali. Kiangazi kifupi, baba anakuja. Njo maana tuliangalia juu namna ile.

Mama ndiye aliyepata taabu zaidi. Maharagi yake yalitaka jua, yeye alitaka mume. Asubuhi alianika mukeka na kuomba pasiwe na wingu, jioni aliukunja na kusimama mulangoni akitafuta wingu hilohilo. Tate alimuambia achague moja, Mungu asichanganyikiwe.

Mwaka ninaotaka kuueleza, nilikuwa kalasi ya pili kwa wamisionari. Kapita alikuja nyumbani amevaa shati safi. Nitaandika jina lake, maana wengi wenu munalificha mpaka leo: Bigaya. Hakuwa mugeni, alikuwa muntu wa kilima chetu, alikula harusi ya wazazi wangu. Alisimama kwenye ua akasema mwaka huu kiangazi kitakuwa kirefu, yeye amekwisha kuambiwa na Bwana Saa. Bwana Saa alikuwa muzungu wa barabara. Jina lake la kwao hatukulijua, tulimuita hivyo kwa sababu hata ukimusalimia alitoa kwanza saa mufukoni. Huyo alimuahidi Bigaya kinga mupya, yaani baiskeli, kama watu wake wangefika kwenye muto fulani kabla mvua hazijarudi. Kwa hiyo Bigaya hakukisia kiangazi kama sisi. Alikitamani. Muntu anayekitamani kitu hafai kukikisia, na ndiye aliyepewa sauti.

Alichagua baba, na mudogo wa baba, Yosefu, pamoja na wanaume wengine wa kwetu. Kule chini wangekutana na wanaume wa Ntoto, watu wa pori, ambao nao walikuwa na kipande chao cha kuchimba. Baba aliondoka akipiga muluzi. Aliniambia nichunge siafu za mama, nisimuache awadanganye.

Kiangazi kilikaa kweli. Vumbi liliingia mpaka ndani ya mboga ya sombe. Kijito kikawa chembamba, tukangoja zamu kujaza kibuyu. Moshi wa mashamba yaliyochomwa ulifunika milima ya mbali, jua likawa kama kiini cha yai. Sasa sisi watoto wa waliochukuliwa tulikuwa na desturi yetu, nayo haikuwa na uchawi hata kidogo. Tulijifunga majani ya mugomba kiunoni, tukaenda kwenye kijito, tukapiga maji kwa mikono, na kila mutoto aliita jina la baba yake kuelekea mawingu. Ni hilo tu. Wakubwa wetu waliifanya kabla yetu, na mama zetu walijua. Niliita Matayo, Matayo, mpaka sauti ikapotea.

Mvua ilikuja kabla ya wakati ambao kila muntu alikuwa amekisia. Tate hakupatia, siafu hawakupatia. Ilikuja mchana, na upepo wenye harufu ile ya udongo unaoanza kulowa. Maharagi yalikuwa nje kwenye mukeka. Mama aliyaangalia yanalowa, akacheka. Hakuyatoa. Aliingia ndani akafagia, akaweka maji motoni ya baba kuoga, akanituma kwa jirani kuomba chumvi. Ndani ya kila nyumba yenye muntu aliyechukuliwa, moshi ulitoka. Tulikimbia kwenye njia, tukasimama pale tukitetemeka kwa baridi, tunacheka. Maji ya kuoga yalipoa, mama akayarudisha motoni.

Hawakuja. Mvua ya pili ikanyesha, kubwa kuliko ya kwanza. Hawakuja. Mama alifunga bugali na maharagi ndani ya majani, akaweka na kipande cha nyama kavu, akasema niende na wanawake wengine waliokuwa wanapeleka chakula, nimuulize baba kwa kinywa changu mwenyewe nini inamushika.

Tuliwakuta wamelowa. Walikuwa wamechimba ubavu wa mulima, na ule ukuta wa udongo mwekundu ulisimama juu yao kuliko kanisa. Maji yalitoka ndani yake, hapa na pale, kama muntu anayetoka jasho. Musiniambie hawakujua. Kila muntu aliona. Wanaume wa Ntoto walikuwa wamekwisha kuweka majembe yao chini na kurudi kwao, kapita wao aliwafungulia siku ileile ya mvua ya kwanza. Wetu peke yao walikuwa bado wanapiga udongo.

Nilimuuliza baba. Alinipangusa uso kwa kiganja chake chenye matope, akanichafua zaidi.

«Muambie mama yako nakuja,» alisema. «Bigaya anasema hii si mvua, iko umande.»

Wanaume waliokuwa karibu walicheka. Mumoja akasema umande wa mwaka huu iko na radi. Mwingine akasema yeye umande ulimuangushia kibanda. Baba mudogo Yosefu, aliyekuwa anacheka kuliko wote, aliuliza kama muke wake atakubali akimuandikia kwamba amekufa maji ndani ya umande. Walicheka hivyo, na mikono yao haikuacha kuchimba, maana Bigaya alisimama juu ya jiwe na kofia yake, na yeye pia alikuwa amelowa mpaka mifupa. Maji yalichuruzika kwenye pua yake. Alimuangalia kila muntu machoni na kusema umande.

Kesho yake asubuhi, kabla sisi wanawake na watoto hatujaondoka, nilikuwa kwenye kibanda nasugua chungu kwa majivu. Sikusikia radi wala kelele kubwa, watu wanapenda kusema kulikuwa na kelele. Nilisikia miti huko juu inasogea. Kisha ukuta ule ulikaa chini, polepole kwanza, kama mama muzito anavyokaa, halafu ukaja wote. Kibanda kilienda. Mimi matope yalinishika mpaka kiunoni, na gogo likanilalia kwenye muguu. Baba mudogo Yosefu ndiye aliyenifikia. Alinichimba kwa mikono yake mpaka kucha zikatoka. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ya lile atakalolifanya baadaye.

Baba hakutoka. Wengine nao hawakutoka. Wale walioonekana walibebwa mpaka nyumbani, baba yangu bado iko pale.

Sasa sikilizeni namna watu wanavyojiosha mikono. Bwana Saa aliitisha baraza, akataka kujua kwa nini. Bigaya alisimama akasema kiangazi kilikuwa hakijaisha, kila mukubwa alikuwa amesema kitakuwa kirefu, lakini watoto wa Bihambwe walienda kwenye kijito na kuita mvua kwa ushetani. Alitutaja. Alinitaja mimi, nikiwa nimelazwa kwenye kipoyi cha kubebea wagonjwa, muguu umefungwa na vijiti. Katekista wetu Alfonsi, ambaye alijua desturi ile na aliwahi kutupitia kijitoni akatucheka, alitikisa kichwa kwa huzuni na kusema ni kweli, upagani bado iko. Huyo naye nimemuandika jina.

Waliuliza kama kuna muntu aliyekuwa barabarani ambaye anaweza kusema kama kapita alikataa kuwafungulia watu. Macho yote yakaenda kwa Yosefu. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa. Aliviangalia. Aliviangalia mpaka swali likapita.

Mama yangu hakupewa ruhusa ya kusema, alisimama tu.

«Bigaya,» alisema, «ile mvua ilikuja kutuletea wanaume. Wewe njo uliizuia njiani.»

Bwana Saa aliuliza mwanamuke amesema nini. Bigaya ndiye aliyekuwa mukalimani. Alitafsiri kwamba mwanamuke analia mume wake.

Jumapili iliyofuata Alfonsi aliwapigisha magoti watoto wote wa kijito mbele ya kanisa, wakashika mawe juu ya kichwa. Wengi wao walikuwa yatima wa wiki ile. Mimi nilisamehewa kupiga magoti sababu ya muguu, wakaniweka nimekaa mbele yao ili wanione. Bigaya alipata kinga yake. Muto ule hawakuufikia mwaka huo, lakini alipata. Alipita nayo mbele ya nyumba ya masomo akipiga kengele, na watoto wa wakati ule, musinikatalie, tulisogea pembeni. Mwaka uliofuata Yosefu alikuwa musaidizi wake. Alituletea mafuta na chumvi, mama aliviacha mulangoni mpaka kuku wakavichezea. Masomo yangu yaliisha pale, kalasi ya pili, muntu wa kulima alikuwa hayupo.

Na ninyi, wenzangu wa umri wangu, ninyi munaopenda kukaa na pombe ya kasiksi na kukumbuka zamani nzuri, munapaitaje mahali pale? Munapaita Mvua ya Watoto. Wake zenu wanasema hivyo, madereva wanasema hivyo, mutoto akizaliwa anafundishwa hivyo. Nimewasikia muda wote huu, nikanyamaza na kuendelea kuchechemea. Bigaya alikufa kitandani kwake, kaburi lake iko na simenti. Sisi tulioita baba zetu warudi nyumbani ndio tulioachiwa jina.

Nasema watoto wa leo ni wajinga, na ni kweli. Hawajui siafu, hawajui kuteremka mulima kwa ganda la mugomba, nguo zao zinapasuka kwa kukaa tu. Barabara yenyewe leo imejaa nyasi, gari likipita kule wanaandika tarehe. Kwa hiyo hata kile baba yangu alichokichimba hawakukitunza. Lakini juzi mujukuu wangu Espoar alitoka nje na redio yake, akaniambia imesema kiangazi hiki kitakuwa kifupi. Akaniuliza mimi nasemaje, nilivyo muzee.

Zamani ningemuonyesha volkano, ningemupeleka kwa siafu. Zamani tungebishana mpaka kiazi kiungue. Nilimuuliza yeye kiangazi kikiwa kifupi kitamuletea nani. Hakuelewa. Alisema, hakuna muntu, tate, ni mvua tu.

Nilifurahi kwa ajili yake, na nilimuonea wivu, na nilikasirika, vyote kwa pamoja. Halafu matone ya kwanza yakaanguka kwenye mabati. Akavuta redio ndani ya koti, akasema huu ni umande tu, utapita. Nilimupiga kofi kabla sijajua mukono wangu unakwenda wapi. Alinishangaa. Nilimukalisha chini, mvua inatupiga wote wawili, nikamuambia sema mvua. Akasema mvua. Nikamuambia sema tena. Njo nikaanza kumueleza, toka kwa Bigaya.