Kimono Kilichofungwa Kinyume

Keti karibu, msomaji, nikusimulie harufu ya hariri inapopigwa pasi ya mvuke. Hunuka kama nywele zilizolowa, na mwaka 2016, nilipokuwa na miaka tisa, ilijaa katika duka la baba yangu, fundi cherehani kutoka Bukavu, kwenye barabara ya Jules, mtaa wa Malvern, Johannesburg. Hariri ile ilikuwa ya kimono cha Bi Hanae, mjane wa Kijapani aliyewahi kuwa mwimbaji wa enka. Enka ni nyimbo za kwao za mapenzi yaliyopotea na kukumbuka nyumbani, na mwimbaji huitetemesha sauti makusudi.

Alipokuwa akipimwa alitueleza, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba alihamia kwa mwalimu wake akiwa na miaka kumi na mitano. Miaka mitatu alifua na kubeba mizigo bila kuruhusiwa kuimba mbele ya watu. Mvumilivu hula mbivu: baadaye alizunguka miji mingi akiimba na kuuza santuri zake. Kisha akaolewa, akamfuata mumewe huku Johannesburg, akanyamaza miaka thelathini. Sasa Wajapani wenzake walimwomba aimbe Jumamosi mchana.

“Nikishindwa,” alisema, “sitajaribu tena.”

Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, kwa hiyo baba alikishonea kimono vishikizo vya ndani vya kumrahisishia kufunga. Jumamosi asubuhi alivaa, akajitazama kwenye kioo, akanywea. Alitueleza kwamba kwao Japani, walio hai hupitisha upande wa kushoto juu ya wa kulia. Maiti ndiye hufungwa kinyume. Baba alikuwa ameshona kama blauzi yoyote ya kike, kulia juu.

“Papa Neema, umemvika mteja sanda!” mama alimaka.

“Eish! Miaka makumi mbili nashona blauzi za wamama, zote zinafunga huku!” baba alijitetea, huku tayari akifumua.

Bi Hanae aliniuliza wanasema nini. Nilimtafsiria. Alicheka mpaka akajifuta machozi.

“Mwambie baba afanye haraka,” alisema. “Maiti huyu ana wimbo saa nane.”

Akisubiri, alianza kuimba kwa sauti ya chini. Ilikwaruza, ikapasuka, kisha ikapanda. Saa nane tulikaa safu ya nyuma ukumbini; sauti ilimkatika mara moja, akaivuta tena, akamaliza. Tangu siku hiyo hakukataa mwaliko hata mmoja.

Leo mimi ndiye ninayepokea wateja. Kwenye simu naona mitindo ya dunia nzima, ambayo baba hakuwahi kuiona, lakini simu hainiambii mteja wangu anaogopa nini. Nawe ukiletewa vazi usilolijua, weka mkasi chini kwanza, umwombe mwenyewe alivae mbele yako.