Chungu cha Bibi Nyuma ya Banda la Video

Shangazi alinipigia simu akasema senta yetu inafunguliwa upya Jumamosi, nije, nisije nikasema sikuambiwa. Nilidhani ananialika kwenye sherehe. Kumbe alikuwa hataki kwenda peke yake.

Nikasafiri kutoka Mwanza, nikateremka pale pale nilipokuwa nikiteremka zamani, na sikupajua. Palikuwa na jengo refu la rangi ya maziwa, vyumba vimepangwa kama madarasa, kila kimoja na mlango wa chuma wa kuviringisha. Sakafu ilikuwa ya vigae. Nilisimama nikitafuta mahali banda la video lilipokuwa, nikashindwa. Ndipo nikatafuta shimo la bibi, na hilo nikalikuta bila shida, kwa sababu kona moja ya baraza vigae vilikuwa vimeanza kutitia. Fundi alikuwa amepiga magoti anavibandua kwa mara nyingine, analalamikia udongo. Nilimwacha. Angeniuliza ningemwambia.

Ndugu yangu, kama hukuwahi kuiona senta yetu ya zamani, hukukosa uzuri wa majengo. Ilikuwa pembezoni mwa mji wa Ngara, pale nyumba zinapoanza kuachana na migomba inapoanza kukaribiana. Safu mbili za vyumba vya matofali ya kuchoma, katikati uwanja wa vumbi jekundu ambao masika yaliugeuza kuwa uji. Palikuwa na mashine ya kusaga, kinyozi, duka la madaftari na vitenge, mchoma nyama aliyekuwa mkali kuliko visu vyake, na mwisho kabisa banda la video. Siku za makambi ya wakimbizi watu walijaa mpaka unashindwa kutupa mate. Watu wa Mbuba na Murusagamba walisukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi, na Wasukuma walipita na ng'ombe wao, wakawafunga nje kidogo, wakaingia kutazama picha na fimbo zao mkononi.

Mwenye banda la video alikuwa kijana wakati ule, mwembamba, mwenye maneno mengi. Picha zilikuwa za Kichina na Kihindi na yeye ndiye aliyekuwa akitutafsiria, amesimama kando ya televisheni. Kichina hakujua, Kihindi hakujua. Kwake kila picha ilikuwa na habari moja: ndugu wawili wamegombea shamba la baba yao, na yule mbaya amehamisha mpaka. Akizidiwa na Kiswahili alihamia Kihangaza, na hapo ndipo watu walipocheka zaidi. Mpaka leo nikiona Wachina wanapigana, moyoni nauliza ni nani kahamisha mpaka.

Nyuma ya banda hilo palikuwa pa bibi. Chumba hakuwa nacho. Alikuwa na shimo, mtumbwi na chungu, na kwa vitu hivyo vitatu alitulisha sote.

Shimo lilikuwa la kuivishia ndizi. Tuliwasha moto ndani yake mpaka kuta zikapata joto, tukatandika majani ya mgomba, tukapanga ndizi mbichi, tukafunika kwa majani na udongo, tukaacha tundu moja la kupulizia moshi. Zikiiva zilimenywa, zikakandwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, mpaka maji yake matamu yakatoka. Kukata nyasi ilikuwa kazi yangu, na mikono yangu ilikuwa na alama za nyasi hizo mwaka mzima. Shangazi, ambaye alikuwa msichana tu, alikaanga mtama na kuusaga ili pombe ichachuke. Harufu ya mtama ule ikinijia hata leo, njaa inaniuma papo hapo.

Pombe ilinywewa kwenye chungu kimoja, mirija ya matete imezamishwa humo, kila mtu na wake. Jenereta ya banda ilikuwa na tabia ya kuzimika picha inapofika patamu. Watu walitoka wote kwa pamoja, wakajaa uwani kwa bibi, wakakizunguka chungu huku wakibishana picha itaishaje. Mwenye banda alisema bibi anailoga jenereta. Bibi alijibu kwamba akitaka kuloga ataanza na ulimi wa mtafsiri.

Walipendana hivyo, na ndiyo maana yule kijana alifanya alichofanya. Ilikuwa karibu na Krismasi, mvua haikatiki, na ndizi za bibi zimegoma kuiva. Akaona amsaidie. Bibi alipokwenda kanisani, akaivuta jenereta mpaka kwenye shimo, akalielekeza bomba lake la moshi kwenye lile tundu, akaiacha ikinguruma wakati wote wa misa. Moshi si moshi tu? Ndizi ziliiva, tena upesi. Lakini zilinuka petroli, na pombe yake ikanuka petroli, na mchoma nyama aliyeonja kwanza alisema afadhali ikaendeshe mashine ya kusaga. Pombe yote ya sikukuu ikamwagwa kwenye migomba.

Bibi hakupiga kelele. Kijana akimwamkia, "Shikamoo mama," bibi anaitika marahaba huku amemgeuzia mgongo. Senta nzima ikakosa raha. Sisi watoto tulikatazwa kuingia kwenye banda, na mimi nilimchukia bibi kwa hilo, nakwambia kweli.

Kwetu aliyekosa ndiye anayepeleka pombe kwa aliyemkosea, wakanywa chungu kimoja, yakaisha. Shida ilikuwa hii: pale senta mpika pombe alikuwa mmoja tu. Kijana akazunguka wiki nzima, mwishowe akaja kwa bibi kama mteja, akanunua chungu kizima. Bibi akamuuzia, wala hakumpunguzia. Akakibeba mpaka barabarani ili ionekane kimetoka mbali, akageuka, akarudi nacho, akakiweka miguuni pa bibi. Bibi akamwambia shangazi alete mirija miwili. Chungu kile kilikuwa na kina. Walianza bila kusemezana, wakafika katikati wakilaumiana, na yalipobaki makapi walikuwa wanacheka. Bibi alipenda kusema, "Mkimaliza chungu na bado mna kinyongo, basi chungu kilikuwa kidogo."

Senta haikufa siku moja. Makambi yalifungwa, watu wakapungua. Malori yakapata njia nyingine. Kisha simu zikaja na kila mtu akawa na banda la video mfukoni, haulizi tena mpaka umehamishwa na nani. Mabati yakashika kutu, mashine ya kusaga ikahamishiwa mjini. Bibi akafariki, tukamzika nyumbani. Shangazi akabaki na shimo, mtumbwi na chungu, wakati ambapo wengine walishafunga milango. Kwa miaka mingi mtu akipita pale jioni, moto pekee alioukuta ni wa shangazi.

Ndipo mradi wa kuijenga senta upya ukaja. Wafanyabiashara wakaitwa mkutanoni kupanga nani atapewa chumba, na mwenyekiti wao alikuwa yule yule mwenye banda, sasa mzee wa kitambi na miwani. Shangazi alitaka kitu kimoja tu, mahali ndani ya senta mpya. Akasimama akasema hivyo. Mwenyekiti akajibu kwamba waliokuwa na vyumba watapata vyumba, uwani si chumba, na pombe ya kienyeji hairuhusiwi ndani ya jengo. Kwa taratibu alikuwa sahihi. Hakuna aliyenyanyua mkono. Vyumba vikagawiwa vyote vikaisha, shimo likafukiwa, mtumbwi ukapasuliwa kuni. Sasa shangazi anauza chai na chapati ng'ambo ya barabara, chini ya turubai, na huyo mzee hakuwa ameongea naye tangu siku ile.

Haya aliniambia asubuhi ya Jumamosi tukiwa tunavaa. Alivaa kitenge chake kizuri. Nikamuuliza kwa nini anakwenda. Akasema, "Nimewasha moto pale nikiwa msichana. Nisiende kwa sababu gani?"

Tulikaa kwenye viti vya plastiki, pale pale kwenye baraza, mbali kidogo na vigae vilivyotitia. Hotuba zilikuwa fupi, namshukuru Mungu. Kisha vijana wakapita na makreti ya soda, kila mtu akapewa chupa yake na mrija wake. Nikatazama watu wale wote wameinamia mirija, kila mrija na chupa yake. Jengo lilikuwa zuri. Choo kilikuwepo, taa zilikuwepo, mvua haitaugeuza tena uwanja kuwa uji. Sikuwa na cha kulaumu, na bado niliumia.

Mzee akaja akakaa mbele yetu. Nikamwamkia, akaitika, akauliza habari za Mwanza. Kisha akageukia upande wa pili.

"Kaka," shangazi akamwita. "Kwa mama ulipeleka chungu."

Mzee akazungusha chupa mkononi. "Nilipeleka."

"Kwangu sijakiona."

"Ningenunua kwa nani, dada?" akasema taratibu. "Mpishi ni wewe. Na shimo tumelikalia."

Fundi alikuwa amezungushia kamba ile kona mbovu, na wote watatu tukawa tunaitazama. Nikafikiri yameishia hapo. Basi shangazi akauchomoa mrija wake, akaukung'uta, akainama mbele, akautumbukiza kwenye chupa ya mzee. Mzee akaishusha chupa, akaiweka sakafuni katikati yao, wakainama wote wawili, vichwa vikakaribia kugongana.

Soda haikutengenezewa kazi hiyo. Waliivuta mara mbili tatu, ikakorota, ikaisha kabla hawajafika hata kwenye kulaumiana. Shangazi hakuutoa mrija. Mzee akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akanyoosha mkono kumwita kijana wa makreti.

"Acha kreti hapa," akamwambia.